Jibu la Tunu

Chuo cha sheria kilitangaza kinataka vijana wa kila namna. Asubuhi kikamkataa Sudi, mbishi aliyeshindikana mtaa mzima. Labda wa namna yake walishajaa. Mchana akasimama mbele ya jopo lilelile, safari hii kumtafsiria mdogo wake Tunu, ambaye ni kiziwi.

"Kwa nini unataka sheria?" Profesa aliuliza.

Tunu akajibu kwa vidole. Sudi akatafsiri kwa wivu: "Polisi walipomkamata baba, wote walipiga kelele. Mimi nilitazama, nikaona nani aliyeweka bangi kwenye kapu lake."

"Kijana, laiti asubuhi ungejibu hivi!"

"Jibu si langu, mama Profesa. Ni lake."

"Basi mwambie amepata nafasi."

Tunu aliikodolea macho mikono ya kaka yake, akisubiri tafsiri. Sudi akaitumbukiza mifukoni, akatazama feni.