Kamba ya Kadii

Kadii aliikuta kamba ya kuvutia gari imeshafungwa kwenye bampa lake la mbele, na mashindano hata hayajaanza.

"Nimekusaidia mapema, dada," alisema mpinzani wake, dereva wa gari jekundu. Umati uliojipanga kando ya barabara ya chumvi ya Gongoni ukaangua kicheko. Pasaka ya mwaka themanini na tano, gari la Kadii liliunguza gasketi ya injini katikati ya mbio, akarudi kwao Kaloleni akiburutwa kwa kamba.

Hakuifungua. Aliizungusha kwenye bampa, kisha akalaza kiganja juu ya boneti. Injini ilinguruma taratibu, haikohoi. Safari hii boliti za silinda hedi, kifuniko kinachoibana gasketi, alizikaza kidogo kidogo, kuanzia katikati kuelekea nje, kama mama yake aanzavyo kusuka kikapu.

Kitambaa cha kuanzisha mbio kikashushwa.

Alipovuka mstari wa mwisho, alitazama kioo. Nyuma yake palikuwa na vumbi tupu. Akageuza gari. Lile jekundu lilikuwa limesimama njiani, linafuka moshi mweupe.

Kadii alishuka, akaihamishia kamba kwenye bampa la nyuma, akamnyooshea mwenzake ncha ya pili.

"Haya kaka, nikufikishe wapi?"