Maji Kabla ya Kisu

"Nilimpa maji, nikamsomea shahada, ndipo nikamkata," alisema Itto, mikono imetulia mapajani.

Daktari Sebti, mpimaji wa akili aliyeitwa kutoka Meknes, aliacha kukoroga chai yake ya nanaa. Pembeni, Haji Bouazza, mwenye karakana ya kufuma mazulia na mwenye nyumba hii waliyoketi, alikuwa akimenya lozi polepole.

Kesho yake Itto alikuwa asimame mbele ya hakimu, aeleze jinsi Haji anavyowafungia wasichana karakanani kwa kufuli, alfajiri hadi magharibi. Karatasi moja ya daktari ingetosha kuufuta ushahidi huo, na Itto mwenyewe kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, yenye madirisha ya vyuma.

Daktari aliuliza alikaa naye muda gani. Miezi minne, Itto akajibu. Siku ya kwanza alimpokea kwa tende na sukari, na kila jioni alimwimbia.

"Na hukuona uchungu kumkata?"

"Niliona, mwanangu. Lakini siku yake ilifika. Mama mkwe wangu aliwakata arubaini, na kila mmoja alimlilia."

Daktari akaandika: ukoo mzima. Haji, aliyezaliwa na kukulia bonde moja na Itto na aliyezijua desturi zake, akamenya lozi nyingine.

Tuda, wifi yake Itto, alikuwa amesimama mlangoni. Akapiga hatua moja ndani. "Daktari, huyo anayesemwa hapa..."

"Aliyeulizwa ni mmoja, Tuda," Haji alisema kwa upole. "Au na wewe unataka kupimwa?"

Tuda akarudi mlangoni.

Daktari aligundua kwamba mwanamke huyu hamtazami usoni hata mara moja; macho yake yameganda kwenye viatu vya daktari. Hilo nalo akaliandika. Akasogeza miguu kidogo, maana zulia jipya alilotandikiwa, zawadi ya Haji ya asubuhi ile, lilikuwa bado na unyevu kwenye pindo. Kisha akatia saini, akapuliza wino.

"Una neno la mwisho, mama?" aliuliza, akifunika kalamu.

Itto alipiga magoti, akalipapasa pindo lile bichi la zulia kwa kiganja, pale kisu chake kilipopita.

"Vua viatu, mwanangu," alisema. "Unamkanyaga tangu ulipokaa."