Jukwaa la Tausi

Wanyama nao waliwahi kuwa na serikali, na serikali yao ilikuwa na ghala la kuni. Kila masika mvua ilizima moto vijijini na watoto wakalala bila uji. Mwaka huo Mfalme Tembo aligawia kila kijiji kuni kavu. "Wekeni akiba," alisema. "Nitakuja kukagua."

Tausi, mkuu wa kijiji cha bondeni, alipenda sifa. Aliposikia mfalme anakuja, alichukua kuni zote akajenga jukwaa la kumpokea. Nungunungu, mkuu wa kijiji cha mlimani, alizijengea kuni zake kibanda.

Mfalme alianzia mlimani. Hakukuta ngoma wala shada la maua. "Hivi ndivyo mnavyompokea mfalme?" aliuliza.

"Tuwie radhi, Mtukufu," alijibu Nungunungu. "Tulikuwa tunaezeka."

Tembo alishuka bondeni amenuna. Huko alipigiwa vigelegele, akaketishwa jukwaani. Tausi alipoanza tu hotuba, mvua ikamwagika, na meko yote ya kijiji yakazimika. Mfalme akaanza kutetemeka.

"Tausi, washa moto. Kuni nilizokupa ziko wapi?"

"Umezikalia, Mtukufu."

Zilikuwa zimelowa chapachapa. Basi wote wakajibanza barazani kwa Tausi, meno yakigongana, mpaka Nungunungu alipoteremka na kigae cha makaa mekundu, na nyuma yake wanakijiji wenzake wamebeba kuni kavu zilizofunikwa kwa majani ya mgomba. Akawasha moto mbele ya mfalme.

"Mapokezi yetu yalichelewa kidogo, Mtukufu," alisema. "Ndiyo haya."