Kukwangua au Kupaka Juu

Zamani, kuingia mkahawani kwa Dative pale mtaani Mbugangari, mteja alipanda ngazi. Siku hizi anashuka. Nyumba haikuzama hata kidogo. Barabara ndiyo iliyopanda, maana kila ilipochakaa watu wa lami walikuja, wakapaka mpya juu ya kuukuu, wakapiga picha, wakaenda zao. Na mvua ikinyesha, maji yote ya mtaa yanaingia kwa Dative bila kuagiza chakula.

Sasa lami ilikuwa imechakaa tena. Mhandisi Kirezi alichimba kitundu, akatoa kipande, akakimenya kwa vidole kama chapati.

"Bosi, tabaka zimeachana. Tukipaka juu, nyufa zitarudi masika haya haya. Lazima tukwangue kwanza."

Bosi ni Kayitare, mkuu wa barabara za mji, mtu wa suti na mpenzi mkubwa wa maharage ya Dative. Alikuwa na sahani mkononi.

"Kukwangua kunachelewesha. Wageni wanakuja, Kirezi. Wewe ulishaona mgeni anachungulia chini ya lami?"

Dative akatoka na mwiko, akamgeukia bosi. "Chef, mukiongeza ingine, mi nafunga! Maji itafika ku jiko. Niko na batoto, na hii resto ndiyo iko shamba yangu, ndiyo iko bwana yangu. Mukwangue, tafazali."

"Mama, nimeshasema. Tunapaka juu." Akamaliza maharage, akarudisha sahani, akaondoka na Kirezi kwenda semina Kigali.

Dative alilia, kisha akaona machozi nayo ni maji tu, ya nini kuyaongeza. Akapanda mpaka kijijini Mudende, akauza ng'ombe wa pekee aliyeachiwa na marehemu mamake. Moyo ulimuuma, lakini akauza. Akaleta mawe, saruji, na fundi Tuyisenge. Sakafu ikainuliwa mpaka ikaipita barabara kwa kimo cha goti. Mlango ukapandishwa, na bati pia.

"Inatosha, mama," fundi akasema.

"Ongeza! Weka na ya ile lami watapaka mwaka kesho. Hawa batu nawajua, mi."

Majirani walikuja kutazama. Jamani, huyu mwanamke ana akili! Watu wa lami hawatamweza tena. Dative hakubakiwa na kitu, lakini alicheka, na mvua ya kwanza ilipopita nje ya mlango aliipungia mkono.

Saruji ilikuwa haijakauka vizuri mashine kubwa ilipoingia Mbugangari, meno yake chini, ikila lami ya juu, na ya chini yake, na ya chini yake tena, mpaka kwenye udongo. Dative akapiga mayowe. Kayitare, aliyekuwa anatembea nyuma ya mashine, alidhani ni shangwe, akampungia.

Vumbi lilipotulia, bosi alisogea mpaka mlangoni. Kizingiti kipya kilimgusa tumboni. Akainua uso, anatabasamu, macho yamemlowa.

"Kule semina sikulala, mama. Maneno yako yaliniuma. Nimefuta ile ya kupaka juu, tumekwangua yote, kwa ajili yako! Haya, nipe mkono univute, njaa inaniua."