Kambare wa Miaka Mitatu

Asubuhi nzima Miradie na baba yake walikuwa wakinasa visamaki vya chambo kandokando ya bwawa la Thamesmead, wakivitia hai ndooni. Cha tatu walichokitia kwenye ndoana ndicho alichokimeza kambare.

Uzi wa ndoana ulikuwa umejizonga kwenye kifundo cha mkono wa baba. Kambare alipouvuta, ulizama nyamani, damu ikachuruzika. Mzee akateleza, maji yakamfika magotini.

"Baba, naukata!"

"Usikate, mwanangu! Huyu nimemngoja miaka mitatu."

Miradie alishika kisu. Kambare akavuta tena, maji yakapanda kiunoni. Baba alimtazama kwa macho ya kuomba.

Akakata.

Walipanda basi kurudi nyumbani. Walipoketi, mzee akamnyooshea Miradie mkono, amfunge jeraha.