Nungunungu na Herufi Kubwa

Palikuwa na Nungunungu mmoja, fundi wa programu, ambaye hakuwahi kukiri kosa. Kanga, daktari wa vifaranga, alinunua kompyuta zenye mfumo endeshi tofauti na wa fundi huyo, akamwomba amhamishie programu yake ya wagonjwa.

"Kazi ndogo hiyo, daktari. Nanakili tu, nimemaliza."

Akanakili. Programu ikafunguka, lakini orodha ya wagonjwa ikawa tupu, na vifaranga wanasubiri dawa.

"Kompyuta hizi mbovu!" akasema, miiba imemsimama.

Kuchakulo, karani wa mapokezi, akasogea. "Samahani, fundi. Programu inasema haioni faili la 'wagonjwa'. Mbona hili umeliandika 'Wagonjwa', kwa herufi kubwa?"

"Kubwa, ndogo, si jina lile lile! Kwenye kompyuta yangu halijagoma miaka minane."

"Kwako, sawa. Kompyuta hii inaona majina mawili."

Nungunungu alitaka kumfokea, lakini kifaranga mmoja akakohoa vibaya. Fundi akabadilisha ile herufi. Majina yakajaa kwenye kioo, na Kanga akakimbilia dawa.

Nungunungu akamvutia Kuchakulo kiti cha pili.

"Kaa hapa, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Yamebaki mafaili mia mbili, na mimi nimezoea kwangu."