Kati ya Nini

"Kati ya nini, bibi?" afisa aliuliza kwa mara ya pili.

Mary alitazama mikono yake. Jimbo la Kati, alisema. Ndivyo baba yake alivyokuwa akipataja.

Afisa, kijana aitwaye Sadick, alikuwa amekuja Pande kuandikisha watu vitambulisho vya taifa. Alipekua orodha ya mikoa kwenye kishikwambi chake. Jimbo la Kati halikuwamo.

Mumewe Mary, Eusebio, katekista mstaafu, alikuwa ametangulia, akajibu bila kusita. Alisema alizaliwa Kilimatinde, wilaya ya Manyoni, mwaka 1957. Mwaka 1963 Jimbo la Kati likagawanywa, ikapatikana mikoa ya Dodoma na Singida. Manyoni ikaangukia Singida. Baba yake na baba wa Mary walitoka pamoja huko, wakaja Lindi kukata mkonge. Kiswahili chake kilinyooka kama cha redioni. Sadick akampiga picha, akachukua alama za vidole, akamwambia asubiri nje.

Mary hakusoma. Aliondoka huko akiwa na miaka mitano. Alichokumbuka ni ardhi inayokatika ghafla kuteremkia bondeni, na maji ya kisima yenye chumvi. Hayo hayakuwa na pa kuandikwa. Tena kila alipofungua kinywa, lafudhi ilikuwa ya Kimakonde tupu.

"Kimakonde hiki ni cha ng'ambo ya Ruvuma," Sadick alisema taratibu. "Umekitoa wapi, bibi?"

"Ndicho cha nyumbani kwetu."

Sadick akaandika. Hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwamba uraia wake una shaka, kwamba Jumatatu afike uhamiaji Lindi na ushahidi wowote alio nao, na kwamba akikosa ushahidi anaweza kurudishwa kwao. Mary akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya chumvi. Akashukuru, akatoka.

Eusebio alikuwa kwenye benchi barazani. Mary akaketi kando yake, akamsimulia yote kwa maneno machache. Eusebio akainuka, akaugeukia mlango.

"Narudi ndani," alisema. "Nikaseme ukweli, kwamba Kimakonde hicho umekitoa kwangu."

Mary akamshika pindo la shati.

"Kaa." Sauti yake haikupanda. "Mimi wakinirudisha kwetu, watanishusha Manyoni. Wewe watakuvusha Ruvuma."